Mguu wa Bwana Pirard

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Huseni kilikuwa mguu wake wa kulia. Nilikuwa nimempelekea pikipiki ya mjomba wangu katika gereji yake ya mtaa wa Buyenzi, muda mfupi baada ya kumaliza masomo yangu ya ualimu, nikamkuta ameinama juu ya injini ya lori. Kila alipokaza nati kwa nguvu, mguu ule ulitoka nyuma yake peke yake, ukanyooka, ukakakamaa, kisha ukaburura kisigino mavumbini kwa nusu duara. Alipomaliza alisimama wima kama mtu mwingine yeyote, akaja kwangu akitembea vizuri kabisa. Nilimwuliza kwa adabu kama aliwahi kuvunjika. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akanijibu kwamba mguu huo ni mzima na haujaumwa tangu azaliwe. Una kasoro moja tu: si wake.

Yahaya, fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji, alisikia jibu hilo akacheka mpaka mashine yake ikasimama. Huseni hakukasirika. Alinikazia macho kuona kama na mimi nitacheka, na nilipokosa kucheka alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu alichokuwa anakihitaji. Siku ile sikuelewa. Nilirudi kwa pikipiki, kisha nikaendelea kurudi bila pikipiki, na habari hii nimeipata kwa wote waliohusika, kila mmoja kwa sehemu yake.

Huseni ni mzaliwa wa Buyenzi. Baba yake, Mzee Radjabu, alikuwa kuli bandarini mpaka kasha la mashine lilipomwangukia. Goti lake la kulia halikukunjika tena. Miaka iliyobaki aliishi katika chumba kimoja na mwanawe, akiuburura mguu kutoka kitandani mpaka kizingitini, kutoka kizingitini mpaka msikitini, na watoto wa mtaa wakimfuata nyuma huku wakiburura miguu yao. Alifariki kabla tu ya Uhuru. Wakati huo Huseni alikuwa tayari fundi mwenye jina, asiyeogopa injini ya aina yoyote.

Gofu aliiona kwa sababu ya gari. Alikuwa amemrudishia mteja wake gari lililotengenezwa, upande wa ziwa, ambako klabu ya gofu ilikuwa imezungushiwa seng'enge. Akiwa njiani kurudi kwa miguu alisimama mahali ambapo ua wa michongoma ulikuwa na pengo, akaona mzungu mmoja mnene akisimama mbele ya mpira mdogo mweupe. Mzungu alinyanyua fimbo, akaishusha, na mpira ukapanda juu ya miti ukawa kama kitone, kisha ukapotea katika weupe wa mbingu juu ya milima ya Kongo. Huseni aliniambia kwamba hakuwahi kuona mtu akipeleka kitu mbali namna ile bila kelele na bila moshi. Alirudi gereji, akakata bamba la springi ya lori, akalichomea kwenye kipande cha nondo, akaanza kupiga mawe.

Ndipo akaja Mwalimu Akilimali. Huyu alikuwa amefundisha hesabu Bukavu, akakimbilia huku wakati wa vurugu za Kongo, na alikuwa anaishi mtaa wa Nyakabiga akisubiri kazi ambayo haikuja. Alipita gereji, akamwona Huseni anapiga mawe, akasimama kumtazama kwa muda mrefu akiwa ameshika kidevu. Kisha akamwambia kwamba mchezo ule hauchezwi kwa hamu. Unasomwa, kama hesabu. Unagawanywa vipande, kila kipande kinasomwa peke yake, halafu vinaunganishwa.

Wakawa wanne. Huseni, Akilimali, Yahaya wa cherehani, na Mwanne, mama mwenye sauti kubwa aliyeuza sambusa karibu na geti la klabu na ambaye aliwazidi wote kwa miaka. Mwanne alijiunga kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wanaume watatu hawawezi kuangalia kitu kimoja bila kugombana. Alikuwa anafunga kitenge vizuri, anapiga mpira mfupi lakini ulionyooka, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Wafanyakazi wa klabu waliwaambia kwamba mchezaji bora kuliko wote ni yule mnene, Bwana Pirard, mwenye duka la vipuri. Basi wakamchagua kuwa kitabu chao. Na hapa sharti nieleze mtindo wa Akilimali, kwa kuwa kila kitu kilitoka hapo. Alimgawa Bwana Pirard kama mtu anayegawa nyama ya sadaka. Yahaya, kwa kuwa ni mshonaji, alipewa mikono. Mwanne, mwenye macho makali, alipewa mpira na njia yake. Yeye Akilimali alichukua kichwa na mabega. Huseni alipewa miguu, na akakatazwa kupandisha macho juu ya kiuno. Walisimama kwenye pengo la michongoma, kila mtu akitazama sehemu yake tu. Mara mpira ulipoondoka, sheria ilikuwa moja: wote wanne wanageuka, wanaipa seng'enge mgongo, wanafumba macho, na kila mmoja anarudia moyoni alichokiona kabla hakijafutika. Akilimali alisema kwamba darasani mtoto anayeendelea kutazama ubao hajifunzi kitu. Anayejifunza ni yule anayefumba macho.

Kwa hiyo hawakuwahi kumwona Bwana Pirard akitembea. Ua ulimficha alipokuja, getini Mwanne alimwona akipita ndani ya gari tu, dukani alikaa nyuma ya kaunta, na walipofumbua macho alikuwa ameshateremka bondeni.

Jioni walikutana kwenye kiwanja kisicholimwa karibu na mto Ntahangwa, wakafundishana. Yahaya alionyesha jinsi vidole vinavyokaa, mkono kwa mkono, akawakamata wenzake viwiko na kuvirudisha mahali pake kama anayerekebisha bega la koti. Akilimali alimshika kila mmoja kichwa kisinyanyuke. Huseni alifundisha miguu. Wa kushoto unapandwa ardhini kama nguzo. Wa kulia, fimbo inaposhuka, unanyooka nyuma, unakaza goti, unaburura kisigino nusu duara. Aliwafundisha kwa uvumilivu mkubwa. Yahaya alianguka mara nyingi, na kila alipoanguka Huseni alimwinua, akampangusa, wakaanza tena. Hakukuwa na mtu aliyemkejeli mwenzake katika miaka ile. Aliyepiga vibaya aliambiwa kosa lake kwa upole, na aliyepiga vizuri aliombwa aonyeshe tena.

Mipira waliipata kwa Népomuscène. Huyu alikuwa mkubwa wa vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji, na mipira iliyopotea majanini aliiokota na kuiuza kwao. Alikuja Ntahangwa siku ya kwanza kuleta mipira, akamwona Huseni akipiga, akakaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka kitu. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba ameona wazungu wengi wakipiga, lakini hajaona mtu aliyeshika mguu wa Bwana Pirard kwa usahihi kama fundi.

“Usiupunguze, fundi,” alisema. “Mguu ule ndiyo siri yake. Wenzake wote wanautafuta, hawaupati.”

Alianza kuja kila mara, na kila mara alikuja na wenzake wawili watatu, wakakaa safu moja kwenye ukingo wa mto, wakasifu. Walisema aubane zaidi. Walisema auburure kwa nguvu, Bwana Pirard ameongeza siku hizi. Huseni aliwashukuru. Mwanne peke yake aliuliza kwa nini watu wanaosifu wanaziba midomo kwa mikono. Akilimali alimwambia kwamba watu wa klabu wana adabu zao.

Mwaka wa tatu wa Uhuru klabu ilitangaza kwamba, katika sherehe za mwezi wa Julai, wananchi watakaribishwa kushindana kwa mara ya kwanza. Mwananchi atakayefanya vizuri atapata kadi ya kuingilia geti kubwa na kucheza kwenye majani yale wakati wowote apendao. Népomuscène mwenyewe alileta habari na mwenyewe akapeleka jina la Huseni. Huseni aliniambia kwamba katika wiki zile alikuwa anaota majani. Hakuota kikombe wala watu, majani tu, na yeye amesimama juu yake na hakuna anayemwuliza anafanya nini pale.

Yahaya alimshonea suruali ya kijivu. Mwanne alimkaangia sambusa, Huseni akakataa kula. Siku ya mashindano Akilimali alimfuata njia nzima akirudia vipande vyote vya pigo, mikono, kichwa, mabega, miguu, kama mtu anayemsindikiza mtoto kwenye mtihani. Getini akazuiwa, kwa kuwa jina lililoandikwa lilikuwa la mtu mmoja. Yeye, Yahaya na Mwanne wakazunguka mpaka kwenye pengo lao la michongoma.

Wanachama walikuwa wameketi barazani, wameshika glasi. Wabeba mifuko wote walikuwa wamejipanga chini ya mti, kimya kabisa. Wananchi wengine walitangulia kupiga, karani mmoja na askari mmoja, na mipira yao ilibingirika kidogo ikasimama. Huseni akaitwa. Aliweka mpira kwenye kijiti chake, akasimama, akapanda mguu wa kushoto, akapiga. Mguu wa kulia ukatoka, ukakakamaa, ukaburura kisigino kwenye majani yale mazuri mpaka ukaacha alama. Mpira ulipanda. Ulikuwa mpira bora wa siku ile, na Mwanne, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mipira, ananiapia kwamba hajauona mwingine uliokwenda vile. Hakuna mwingine aliyeutazama. Barazani mama mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kisha chini ya mti wale vijana wakaangushana. Walikuwa wamevumilia muda mrefu, na sasa walilala majanini wakipiga ardhi kwa viganja.

Bwana Pirard aliinuka kwenye kiti chake. Ndipo Huseni alipomwona kwa mara ya kwanza akitembea. Alikuja na fimbo ya mkongojo mkononi, na goti lake la kulia halikukunjika. Mguu ulibaki nyuma, ukavutwa, ukabaki nyuma, ukavutwa. Aliuumiza vitani huko Ulaya. Kila mtu wa klabu alijua jambo hilo, na kila mbeba mifuko.

Bwana Pirard alijua Kiswahili cha dukani. Alisimama karibu kabisa na uso wa Huseni, akamwuliza: “Nani alikufundisha kucheka mguu yangu?”

Huseni hakujua kusema uongo mbele ya mwalimu wake. Alivua kofia.

“Ni wewe, Bwana,” alisema. “Nimesoma kwako.”

Kicheko kilikatika. Kwa masikio yao, jibu lile lilikuwa ufedhuli ambao hawajausikia tangu Uhuru. Bwana Pirard alimpiga kofi, akageuka. Karani wa klabu alimnyang'anya ile fimbo ya nondo na springi, na walinzi wakamtoa kwa mlango wa jikoni. Kadi ya kuingilia alipewa yule askari ambaye mpira wake ulibingirika. Fimbo ya Huseni ikatundikwa ukutani nyuma ya kaunta ya vinywaji, na mpaka leo mgeni akifika anaonyeshwa, anasimuliwa, na mtu mmoja anainuka kumwigiza fundi aliyemwigiza Bwana Pirard.

Buyenzi ilisikia kabla Huseni hajafika nyumbani. Watoto walimfuata wakiburura miguu, kama walivyokuwa wakimfuata baba yake. Wateja walileta magari yao ili wamwone tu. Nimemwuliza Népomuscène kwa nini hakusema, kwa sababu nilitaka kuwa mwadilifu na kusikia pande zote. Alinijibu bila haya kwamba watu wale wanne walitaka kupita juu ya vichwa vya wabeba mifuko, waingie kwenye majani kama mabwana, wakati yeye ameyakanyaga tangu utoto akiwa na mzigo begani. “Mi sikumudanganya,” alisema. “Nilimwambia anafanana na Pirard. Hakufanana?”

Akilimali ndiye aliyeumia zaidi baada ya Huseni. Hakuonekana Ntahangwa kwa majuma mengi. Aliporudi alikuja na hoja, kama kawaida yake: kosa lililoingia kwa kusomwa litatoka kwa kusomwa. Wote wanne walikuwa na mguu ule, kwa kuwa wote walifundishwa na Huseni. Mwanne aliutupa siku hiyo hiyo. Yahaya alichelewa kidogo, akautupa. Huseni alishindwa. Yeye hakuwa ameazima kipande hicho kwa mwenzake. Alikuwa amekitazama kwa macho yake mwenyewe, hicho tu, kwa miaka. Mguu ulikuwa umehamia mwilini. Ulitoka akikaza nati, ulitoka akiinua jeki, na katika swala ya Ijumaa anayesimama kulia kwake amejifunza kumwachia nafasi ya kisigino.

Walijaribu dawa zote. Walimfunga goti kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Walimsimamisha mchangani. Akilimali alibadilisha jambo moja tu kila wiki, ili ajue lipi linafanya kazi: viatu, mpira, fimbo, jua usoni, jua mgongoni. Mwisho aligundua jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu yake. Kwenye pigo, Huseni akiwa peke yake na wenzake, mguu ulibaki chini, kisigino kikainuka vizuri, goti likakunjika. Akipita mtu njiani akicheka, hata kama anacheka mambo yake mwenyewe, mguu ulitoka.

Basi wakaanza kumcheka. Ilikuwa kazi, wakaifanya kama kazi. Yahaya alicheka akiwa kwenye cherehani, Akilimali alijifunza kucheka ingawa hakuwa na kipaji, na Mwanne alileta wateja wake. Jumamosi mtaa mzima uliteremka Ntahangwa kumcheka fundi. Walimwita Kisigino. Walimwita Nusu-Pirard. Mzee mmoja alikuja na gongo lake akaomba kubadilishana naye. Huseni alisimama katikati yao, akapiga, mguu ukatoka, wakacheka zaidi, akaweka mpira mwingine. Sasa nilielewa kwa nini alinitazama vile siku ya pikipiki. Nilikuwa mgeni, na kicheko cha mgeni ni kikali kuliko cha jirani. Alikuwa anakihitaji.

Mwaka huu klabu imepata katibu mpya, mwananchi mwenzetu aliyesoma Ubelgiji, na mashindano ya wananchi yamefufuliwa. Huseni aliandikisha jina lake. Katibu alimwita, akamsimamisha mbele ya kaunta, chini ya ile fimbo yake mwenyewe, na wanachama wakiwa wanakunywa pale pale. Alimwambia kwamba hawezi kumkatalia, nyakati zimebadilika. Lakini akiuonyesha mguu ule katika pigo la kwanza, mchezo wake unaishia hapo, na hataukanyaga uwanja huo tena maisha yake.

“Na safari hii, fundi,” aliongeza, “tutatundika na suruali.”

Walicheka wote. Huseni akaniambia kwamba, akiwa amesimama tu pale, bila fimbo, bila mpira, alisikia kisigino chake kinaanza kusogea kwenye sakafu.

Bwana Pirard bado yuko. Amezeeka, hachezi tena. Ameomba kiti chake kiwekwe siku hiyo karibu na kijiti cha kwanza, pale wanapoanzia kupiga, upande wa mguu wa kulia wa mpigaji, asikose kitu.

Mazoezi ya wiki iliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yote. Mguu ulitoka kila mara, hata watu walipochoka kucheka. Jumamosi jioni, nikiwepo, Huseni alipiga mpira wa mwisho, mguu ukaburura, na kicheko kilichobaki kilikuwa cha kulazimisha. Akilimali alikuwa amekaa chini akishika kichwa. Mwanne aliweka beseni lake la sambusa juu ya jiwe, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Alikuwa amemjua Huseni tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Mama yake Mwanne ndiye aliyewapikia Huseni na Mzee Radjabu.

“We Huseni,” alisema, na hakupaza sauti. “Babako alikuwa na mguu kama ule. Ulilala naye chumba kimoja. Wageni wakibisha hodi, we ulikuwa unamwambia nini mzee? Funika mguu. Nilikuwa pale, nilisikia. Funika mguu, baba, watu wanakuja. Alafu ukaenda kusimama kwa seng'enge, ukauona mguu ule ule kwa muzungu, ukasema hii ni akili, nitaisoma. Ule wa mzee haukuusoma hata siku moja. Sasa piga, mutoto wa Radjabu.”

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Yahaya, akatazama chini. Huseni alibaki ameshika fimbo. Nilidhani ataondoka. Nilidhani pia, kwa muda, kwamba atampiga yule mama. Kisha akainama, akaweka mpira, akasimama. Alipanda mguu wa kushoto. Fimbo ikapanda, ikashuka. Kisigino cha kulia kiliinuka chepesi, goti likakunjika likageukia mbele, na mguu ukabaki pale ulipo kama mguu wa mtu. Mpira ulivuka mto, ukaingia katika mahindi ya ng'ambo.

Hatukupiga makofi. Huseni aliiweka fimbo chini, akavua viatu, akavuka maji kwenda kuutafuta mpira mwenyewe, na akakaa kwenye mahindi mpaka Akilimali akasema twendeni, tumwache.

Tangu siku ile hajazungumza na Mwanne. Mwanne akipita gereji, Huseni hamsalimii, na Mwanne naye hasalimii. Anaweka sambusa mbili juu ya boneti ya gari lolote lililopo, anaenda zake. Jana zililiwa. Leo asubuhi nilizikuta bado ziko, zimeingia vumbi. Yahaya amemaliza suruali mpya, ya kijivu kama ile ya kwanza, na ameipima mara nyingi kuliko inavyohitaji. Akilimali amesema hakuna mazoezi tena. Kilichosomwa kimesomwa, na hajui ni kipi. Alijaribu kunieleza. Inawezekana mguu umekwenda kabisa. Inawezekana ulijificha jioni ile moja kwa aibu, nao utarudi kesho barazani watakapoanza kucheka, kwa sababu pale hakuna atakayekuwa anamcheka kwa ajili yake. Mwisho akasema kwamba jambo lililotokea mara moja si hesabu.

Jioni hii nilipokuwa natoka gereji, Huseni alikuwa anafunga milango. Alikuwa anavuta mnyororo kwa nguvu, na nilitazama mguu wake. Nadhani yeye pia alijua natazama. Mnyororo ulikwama. Akauachia bila kuuvuta tena, kwa hiyo sikuona kitu. Alinipa ujumbe, kwa kuwa nyumba yetu iko njia moja na ya Mwanne.

“Umwambie dada aje kesho,” alisema. “Asimame pale kwa pengo, kwa michongoma. Karibu, nimusikie.”

Nilimwuliza kama nimwambie aseme au anyamaze. Aligeuza kufuli mkononi, na mimi nikawa nasubiri jibu mpaka nikaona haya kusubiri, nikaondoka. Nimemfikishia Mwanne maneno yale kama yalivyo. Alikuwa anasukuma chapati za sambusa, nyingi kuliko za siku nyingine, akaendelea kusukuma.

Ni kesho, baada ya misa ya pili. Jina lake ni la kwanza kuitwa.